Nimehamia Dar kutokea Njombe, huu mji unaendeshwa kwa masikio (uzi)

Mgeni wa Nyanda za Juu:

Habari za muda huu wakuu. Mimi nimezaliwa na kukulia Njombe, mwaka huu nimeletwa Dar kikazi, nimepanga Kimara Temboni na ofisi iko Posta. Kuna vitu naviona huku kila siku nacheka mwenyewe njiani, na nikiwasimulia wenyeji wananishangaa mimi maana wao wameshavizoea hawavioni tena. Nimeona nivilete humu vyote kwa pamoja, mtanisamehe uzi ni mrefu.

Kubwa kuliko yote ni kwamba huu mji hauonyeshwi, unasikilizwa. Njombe ukitaka kitu unakifuata, unajua duka lipo wapi, unaenda, unanunua, unarudi nyumbani unafunga mlango kwa sababu ya baridi. Huku kitu kinakufuata wewe, na kila kinachopita kina mlio wake, na wenye nyumba wanaijua hiyo milio yote bila kutoka nje. Wiki za mwanzo nilikuwa nimekaa ndani nasikia kwachu kwachu kwachu dirishani nikatoka kuangalia, ni kijana kabeba cherehani nzima begani, ile ya chuma kabisa na ubao wake, mkono wa pili anachezesha mkasi hewani, ndio tangazo lake hilo, hasemi neno. Mama mwenye nyumba alikuwa jikoni akaita tu "fundi!" jamaa akasimama, akashusha cherehani kibarazani, akaletewa gauni limefumuka kwapani, akalishona palepale, akalipwa, akainyanyua tena begani kwachu kwachu kaenda zake. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa. Mi nilisimama pale nimeduwaa maana kwetu gauni likifumuka hiyo ni safari ya mjini.

Basi toka hapo nikaanza kusikiliza. Chupa ndogondogo zinagongana ting ting ting, huyo ni mpaka rangi za kucha, na ni kijana wa kiume, kikapu kimejaa rangi na anapaka kwa utulivu kuliko saluni nyingi nilizowahi kuona. Vikombe vinagongana lakini mlio mzito kidogo, huyo ni wa kahawa, ana birika lina moto wa mkaa chini na kashata kwenye ndoo. Sarafu zinachekechwa mkononi ni wa karanga na sigara. Kiboksi kinagongwa kwa brashi ni wa kung'arisha viatu. Wale akina mama wa mboga wenyewe wanatumia koo, "mchichaaaa, tembeleeee," na kila mmoja ana namna yake ya kuvuta mwisho wa neno ndio maana wateja wake wanamtambua akiwa bado mtaa wa pili. Jirani yangu ana mama wake mmoja wa mboga, wakipita watatu hanyanyuki, akipita yule anatoka na bakuli tayari mkononi.

Halafu kuna umeme. Wakuu, kwetu umeme ukikatika kila mtu anakaa kimya anatafuta tochi. Huku ukikatika mtaa mzima unasema "aaaaah!" kwa pamoja, watu ambao hawasalimiani hata kidogo, na ukirudi mtaa mzima "oyooooo!" watoto wanapiga makofi. Nimeshajikuta na mimi napiga kelele nikiwa peke yangu chumbani na nilifurahi kweli.

Na mpira. Nilikuwa naangalia Simba na Yanga ndani kwangu, bado mpira uko katikati ya uwanja kwenye tivii yangu, nikasikia nyumba ya nyuma wamelipuka. Nikajua tayari kuna goli, nikasubiri, kweli sekunde chache mbele goli likaingia kwenye tivii yangu. Kumbe king'amuzi chao kinawahi kuliko changu. Sasa hivi mtaani najua nyumba zipi ni za Simba na zipi za Yanga bila kuona jezi hata moja, na mechi naipata mara mbili, kwanza kwa masikio halafu kwa macho. Nimeambiwa hizi timu zote mbili zimezaliwa hapahapa Kariakoo, Yanga 1935 na Simba 1936, makao yao hayaachani mbali kwa miguu. Ndio nikaelewa kwa nini hapa ni ugomvi wa ndani ya familia, Njombe tunashabikia hizohizo ila kwa mbali.

Kwenye usafiri sasa ndio nimefurahi zaidi.

Mimi nimekuja na basi kutoka Njombe, tumepita Makambako, Iringa, tumekatiza hifadhi ya Mikumi nimeona twiga na swala kwa macho yangu, Morogoro, hadi stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis. Nikadhani Mikumi nimeiacha. Nakuja kugundua Magomeni nako kuna Mikumi. Ukipanda mwendokasi Kimara Mwisho kwenda Posta kituo cha kwanza ni Korogwe, mbele huko Manzese unapita Argentina, ukitoka Argentina unaingia Kagera, na huko Kinondoni kuna Morocco. Ukonga kuna Mombasa, na hapo jirani kuna Banana. Siku moja kaka mmoja kasimama pembeni yangu anaongea na simu, uso mkavu kabisa, "mi nimeshapita Argentina, hapa naingia Kagera, we nisubiri Fire." Nikageuka nicheke na mwenzangu wa pembeni, nikakuta gari zima hakuna aliyeshtuka. Nilitamani mama yangu awepo asikie.

Daladala nako kuna kitu inabidi nikieleze taratibu. Gari limejaa, konda yuko mlangoni, mimi niko nyuma kabisa. Natoa elfu mbili, nampa wa mbele yangu, anampa wa mbele yake, inapita mikono ya watu kama sita ambao hawanijui, inafika kwa konda, na chenji inarudi njia ileile mpaka kwangu, kamili. Hakuna aliyesema kitu zaidi ya "chenji ya huko nyuma." Na ukiwa umesimama na begi, aliyekaa anakuvuta begi tu, "lete nikupakatie," analiweka mapajani mwake anaendelea kuangalia dirishani. Wanafunzi ndio wanapakatwa zaidi, kuna siku nimemuona mzee ana mabegi ya shule matatu mapajani na watoto wenyewe wamening'inia juu yake wanabishana hesabu, naye anawasahihisha. Huu mji watu wanausema vibaya sana huko mikoani, kwamba Dar kila mtu na lake, chunga mfuko wako, usiongee na mtu. Kuchunga mfuko ni kweli chunga. Ila hilo la kila mtu na lake mi silioni, naona watu wanaoshikana kila dakika bila kufahamiana majina.

Kuna na kugeuza. Dada mmoja wa ofisini anaishi Gongo la Mboto, jioni akitoka hasubiri gari la kwenda kwao, anatembea kurudi nyuma vituo viwili, anapanda gari linalokuja mjini, analipa nauli, anafika nalo mwisho wa ruti, watu wote wanashuka yeye yumo, watu wanagombania mlangoni na wengine wanapitia dirishani, yeye yumo, kakaa dirishani kwake kafungua kitabu. Analipa tena ndio linaondoka. Nikamwambia dada mbona unalipa mara mbili, na tangu LATRA, wale wasimamizi wa usafiri, wapandishe nauli Desemba 2023 hata ruti fupi ya ndani ya kilomita kumi imetoka mia tano kuja mia sita. Akaniambia ile nauli ya kwanza ya kwake ni kodi ya kiti. Mtu kapanga kiti cha saa moja na nusu, na kwa foleni ya barabara ile mi namuelewa kabisa.

Nimalizie na hili la baridi maana limenigusa binafsi. Julai hii watu wa ofisini wamevaa masweta! Asubuhi wananiambia "leo baridi imezidi jamani" na mimi nimeloa jasho mgongoni. Bodaboda wa kituoni kwetu ana jaketi nene lenye kofia, kalivaa saa sita mchana juani. Wakati huohuo nampigia mama Njombe ananiambia baridi inauma mpaka mbavuni, barafu imeanguka kwenye viazi na watoto wanaenda shule na blanketi. Mi sibishani na mtu, kila mwili na kwao, ila nikiona lile jaketi moyo unafurahi.

Wenyeji naombeni muongeze, najua sijasikia hata nusu.

Mtoto wa Mbagala:

Mkuu umeandika vizuri mpaka nimeanza kusikiliza dirishani kwangu hapa. Umemsahau wa dawa ya panya! Ana spika imefungwa kwenye baiskeli imerekodiwa sauti moja, "panya, mende, kunguni, viroboto, siafu, wote kwisha," inajirudia toka asubuhi hadi magharibi, watoto wa mtaani kwetu wanaijua kwa moyo kuliko wimbo wa shule. Na wa aiskrimu, ule mlio wake ukianza saa nane mchana mzazi unajua hapa amani imeisha, inabidi utoe hela.

Konda naye msikilize mkono sio mdomo. Mdomo unaita abiria, mkono ndio unaongea na dereva. Akigonga bodi, dereva anajua hapo ni kushusha au ni twende, hageuki nyuma.

Kimya cha Masaki:

Mi sikubaliani na kichwa cha uzi. Nafanya kazi na naishi Masaki kwa bosi wangu, huku hakuna mkasi wala vikombe, unasikia jenereta na mbwa basi. Huwezi kusema Dar ni hivi wakati umekaa Kimara tu. Kuna Dar nyingi.

Mgeni wa Nyanda za Juu:

Ni kweli mkuu, nakubali, mi naongelea huku kwetu uswahilini na njia ninayopita. Ila nikuulize, huko Masaki ukitaka gauni lishonwe kwapa unafanyaje?

Kimya cha Masaki:

Navuka naenda Msasani kijijini, kule mkasi upo 😂 na kwenye kona ya kutokea kuna mzee wa kahawa, walinzi wote wa mtaa wanakusanyika kwake jioni, habari zote za kila nyumba nazipata pale. Sawa, umenipata kidogo.

Mzee wa Ilala:

Kijana nimekusoma mpaka mwisho. Hivyo vituo usivicheke tu, vishike maana vimebeba habari za mji. Hapo unapopita Urafiki palikuwa na kiwanda cha nguo tulichojengewa kwa msaada wa Wachina miaka ya sitini, sisi tumevaa kanga na vitenge vya pale, na watu wa Manzese na Ubungo wengi wamelea watoto kwa mshahara wa pale. Fire ni kwa sababu ya kituo cha zimamoto, kipo palepale mpaka leo. Ubungo Maziwa palikuwa na kiwanda cha maziwa. Kiwanda kinaweza kufa ila konda ataendelea kukiita, na mtoto aliyezaliwa juzi atashuka hapo.

Na soko la Kariakoo nenda kaliangalie lile paa lake, kalichora Beda Amuli, Mtanzania, likafunguliwa miaka ya sabini. Zile nguzo zimetanuka juu kama miavuli. Lilipoungua Julai 2021 mimi nilisimama barabarani nikalia, sioni aibu kusema. Ukienda kuzunguka pale utasikia wanavyokuita, bosi, mkwe, shemeji, mjomba, kabla hujafika mtaa wa pili umeshapata ukoo mzima.

Mgeni wa Nyanda za Juu:

Shikamoo mzee. Asante sana, hili la Urafiki nilikuwa sijui, kesho nikipita nitapaangalia kwa macho mengine. Kariakoo nimeshaitwa mkwe na muuza soksi, na soksi nikanunua.

Dada wa Kigamboni:

Njooni na huku kwetu. Pale Magogoni kwenye kivuko mnasubiri nyuma ya geti, watu mamia, kuna mwenye kuku, kuna mwenye baiskeli ya mikate, kuna mtu na suti yake, wote wamesimama kistaarabu kabisa. Geti likifunguliwa tu, mbio! Mpaka bibi mwenye mkongojo anakazana. Na kivuko hakiondoki mpaka kipakie na magari, kwa hiyo wote tutaondoka saa ileile, mkimbiaji na mtembeaji. Nimevuka pale toka niko darasa la pili na mimi nakimbia, sijawahi kujiuliza. Daraja lipo toka 2016 ila mimi wa miguu kivuko ndio changu, ule upepo wa bahari jioni baada ya kazi siubadilishi na kitu.

Ukishuka upande wa mjini soko la samaki la Feri lipo palepale, fika asubuhi na mapema wakati wa mnada. Mnadi anataja bei haraka mpaka mgeni husikii kitu, ila wale mama wa kukaanga wanasikia kila kitu, nao hawaongezi shilingi bila sababu.

Konki wa Tandale:

Hamjagusa singeli, mnaongeleaje masikio ya Dar bila singeli? Imezaliwa huku kwetu uswahilini, inapigwa kwa kasi hiyo kwa sababu ndio kasi ya huku. Jumamosi turubai linafungwa katikati ya mtaa, spika zinapangwa, bajaji zinageuza njia bila ugomvi, na mpaka alfajiri hakuna wa kulala. Mgeni akikuuliza kuna nini unamwambia kuna shughuli, inatosha.

Natokea Mbeya:

Wakuu samahani kwa kuingilia, mi nahamia mwezi ujao, nina mke na mtoto mdogo, kazi itakuwa Ubungo. Nimesoma haya nimefurahi ila huyo wa Tandale kanitisha, mtoto wangu akishtuka usingizini hatulali. Chumba na sebule naangalia nini? Dalali ameshaanza kunitumia picha, zote nzuri.

Mtoto wa Mbagala:

Picha usiziamini kabisa. Uliza maji yanatoka siku zipi, uliza LUKU (mita ya umeme) ni ya kwako au mnachangia nyumba nzima maana hapo ndipo majirani wengi wanapokosania, na angalia kuta chini kama kuna alama ya maji. Mabonde yote yanayoelekea Msimbazi masika yakija ni balaa, wa Jangwani watakueleza.

Mgeni wa Nyanda za Juu:

Mkuu wa Mbeya karibu sana, sisi wa baridi tutakuwa wengi. Mi naongeza lililonisaidia mwenyewe. Dalali atataka kukuonyesha nyumba saa nne asubuhi, mtaa umetulia, watu wako makazini. Wewe nenda uione, halafu rudi peke yako Jumamosi kuanzia saa tatu usiku, usiingie ndani, kaa pale nje kwa wa kahawa agiza kikombe utulie usikilize. Kama kuna baa nyuma ya ukuta utaisikia, kama kanisa lina mkesha utalisikia, na jenereta la jirani hivyohivyo. Chumba cha kwanza nilichopenda kilikuwa kizuri mno na bei nafuu, nilipokaa nje usiku nikasikia kumbe mashine ya kusaga iko ukuta kwa ukuta na inafanya kazi mpaka saa tano. Hiki cha Temboni nilisikia mbwa, redio ya mzee mmoja na watoto wanaimba, nikalipa.

Na huyo wa kahawa umuulize moja kwa moja, "mzee, turubai linafungwaga upande gani?" Atakuonyesha kwa mkono, na atakutajia na mwenye nyumba anayerudisha hela ukihama kabla na asiyerudisha.

Wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, ukimkuta wa mitatu shukuru. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, hiyo iweke kwenye bajeti toka sasa. Sweta la mtoto njoo nalo, Julai utamkuta amevalishwa na jirani hata usipotaka.